Balozi Hatoi Habari kwa Mwenye Njaa

Mpaka leo mtu akiniuliza kama nimekula, naweka chini nilichoshika. Wageni hudhani nawapa heshima, nataka kuwasikiliza vizuri. Sivyo. Nimekulia katika nyumba kumi ambamo swali hilo halikuwa la chakula.

Nyumba hizo ziko Ng'ambo, hapa Tabora, na zilikuwa chini ya balozi wetu. Balozi wa nyumba kumi si yule wa kuvaa suti na kupanda ndege. Ni jirani anayetakiwa kujua nani kahamia, nani kafiwa, nani kampiga mkewe, na nani anahitaji barua ya utambulisho. Wetu alikuwa fundi bati. Alitengeneza majiko ya mkaa, koroboi, makarai na mabirika ya kutawadhia, akigonga tangu baada ya swala ya alfajiri mpaka adhuhuri. Ukiwa na mtoto mwenye homa ungeweza kumwomba anyamaze kidogo, naye angekuitikia vizuri sana, kisha akaendelea kugonga. Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu sijawahi kusikia likitumika. Hata mkewe alimwita Balozi, na hata wakiwa wanagombana.

"Balozi," ungemsikia ndani, "wewe ni mpumbavu."

"Sema taratibu, mama, watu wanakula."

Alikuwa na redio nzuri kuliko zote za mtaani, kubwa, yenye koti la ngozi lenye vitundu mbele, na waya wa shaba uliopanda juu ya paa. Hakuwa na uchoyo nayo. Salamu za wasikilizaji, taarabu, mpira, vyote tulisikiliza barazani kwake, watoto mkekani, wanaume kwenye benchi. Lakini ngoma ya kuashiria taarifa ya habari ikilia tu, Balozi aliinuka, akaibeba redio kama anayembeba mtoto aliyejikojolea, akaingia nayo ndani na kufunga mlango. Tulisikia mngurumo tu. Habari zikiwa za kawaida, za mbolea na mikutano, alitoka na redio yake akairudisha mahali pake. Zikiwa mbaya, alitoka mikono mitupu, amevaa kofia yake ya kiua, akaanza na nyumba ya kwanza.

"Mmekula?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Habari nzito haimwingii mtu mwenye tumbo tupu, inamwangusha. Waliosema hawajala aliwapita na kuwarudia baadaye. Waliosema wamekula aliwapa kwa mafungu. Mzunguko wa kwanza alisema, "Kuna jambo." Mzunguko wa pili, "Si dogo." Wa tatu ndipo alipolisema, na hata hapo lilikuwa limepunguzwa pembe zote. Mtu mzima aliyekuwa na haraka ya maisha yake alilazimika kusubiri, chungu jikoni, huku fundi bati akizunguka mtaa mara tatu.

Nilipokuwa na umri wa miaka minane, meli ilizama ziwani ikiwa imejaa watu. Taifa zima lililia. Nyumba zetu kumi ziliambiwa kwamba meli imechelewa.

"Imechelewa kidogo," alisema Balozi.

Alisema hivyo siku ya kwanza, akasema hivyo siku ya pili. Katika nyumba ya sita alikaa mama mmoja muuza dagaa, ambaye kaka yake alikuwa akimletea mzigo kutoka kule. Mama huyu alikwenda stesheni siku mbili kuulizia treni ya Mwanza, akirudi na kapu tupu na kulalamika juu ya watu wasiojali muda. Siku ya tatu akasikia sokoni kwamba watu bado wanaopolewa majini. Alirudi moja kwa moja mpaka barazani kwa Balozi. Sisi watoto tulikuwepo.

"Imechelewa wapi, Balozi?"

Balozi akamtazama usoni, akaona kwamba anajua, na bado akauliza: "Umekula?"

Mama akanyakua jiko jipya kutoka kwenye yale yaliyopangwa kwa kuuzwa akamrushia. Lilimkosa, likapiga ukuta na kubonyea ubavuni. Balozi hakuligongea likanyooka wala hakuliuza. Liko kwake mpaka sasa, kuku wanatagia humo. Kaka wa yule mama alipatikana hai baada ya wiki, hakuwa amepanda meli ile, na Balozi aliona kwamba hilo limethibitisha hekima yake. "Ningemwambia mapema," alisema, "angelia bure siku zote hizo."

Sisi watoto tulikuwa na akili yetu. Tulichoelewa ni kwamba mtu hufa pale unaposhiba. Kwa hiyo Balozi akitoka mikono mitupu, tulikimbia mbele yake nyumba hadi nyumba tukipiga kelele, "Hatujala! Hatujala!" Kuna siku watoto wote wa nyumba kumi tuligoma kula mchana. Ugali ulipoa, mboga ikaganda, mama zetu wakatubembeleza kisha wakaacha kubembeleza. Mpaka alasiri ndipo mtoto wa nyumba ya nne, mlafi tangu kuzaliwa, alipokamatwa nyuma ya choo anatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Tulimpiga. Tuliamini ameua mtu.

Balozi alipoambiwa sababu ya mgomo hakucheka. Alisema watoto wana adabu kuliko wakubwa.

Ubaya wa uongo wake ni kwamba hakuupima. Palipotokea mlipuko mkubwa Dar, ule uliovunja majengo, nilikuwa na miaka kumi. Balozi alitoka ndani, akauliza swali lake, akazunguka mizunguko yake, na mwisho akatangaza kwamba huko Dar kuna jiko limelipuka.

Jiko. Yeye fundi wa majiko.

Wanawake wa mtaa walitazamana. Kufikia jioni majiko matatu yalikuwa yamerudishwa barazani kwake, moja likiwa bado na majivu ya moto. Mama yangu alilitoa letu nje akapikia mbali na ukuta, akikoroga huku amejinyoosha kama anayemlisha mbwa asiyemjua. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyenunua jiko kwa Balozi. Angeweza kusema ukweli siku moja, biashara ikarudi. Hakusema. Alikaa barazani akatengeneza koroboi tu, akizidi kukonda, mpaka magazeti yenye picha yalipofika mtaani yakifunga vitumbua.

Na alipofariki yule mkubwa wa nchi ambaye wazee wetu walimlilia kama mzazi, redio ilipiga nyimbo za maombolezo tangu asubuhi. Kila Mtanzania aliyekuwa hai anajua maana ya redio kupiga nyimbo zile bila kusimama. Balozi alikaa nayo barazani, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, na tulipomuuliza kuna nini alisema, "Kanda imekwama." Shuleni tulikuta bendera nusu mlingoti. Mwalimu akauliza nani anajua kwa nini. Nikanyoosha kidole, mimi mwana wa nyumba kumi, nikajibu kwamba kanda imekwama. Nilichapwa viboko vinne kwa kudhihaki msiba wa taifa. Sijamsamehe Balozi hivyo vinne.

Nimeshasema alikuwa mwongo, na sasa lazima niseme kwamba hakuwa. Ukimpa Balozi birika lizibwe, akakuambia halizibiki, halikuzibika. Katika kesi za mtaa hakupendelea mtu. Alimtoa mtoto wake mwenyewe mbele ya watu aseme kwamba ndiye aliyeiba embe za msikitini. Na habari njema hakuzichelewesha hata dakika, bali alizitoa kabla hazijaiva. Alitangaza posa za watu ambazo zilikuwa bado hazijajibiwa. Alitangaza mvua. Mdogo wangu wa kike alipofanya mtihani wa darasa la saba, Balozi alikuja anakimbia, amepandisha kanzu, kutuambia amefaulu. Nilipika pilau. Tumeshakula ndipo ikajulikana kwamba orodha yenyewe haijafika mkoani, Balozi aliota. Wiki tatu baadaye orodha ilipofika, jina lake lilikuwemo kweli, na Balozi akatembea mtaani kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyesahihisha.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliota, Balozi."

"Ndiyo. Na nikakwambia."

Kwa habari njema ndoto ilitosha, na kwa msiba hata redio haikutosha.

Alikuwa na maneno yake ya kujitetea, na aliyarudia mpaka tukayajua kama sala. Lile alilolipenda zaidi lilihusu ile njia ya zamani inayotoka mjini kwenda Kwihara. Ukimwambia kwamba mtu ana haki ya kujua, alinyoosha mkono upande ule. "Hapo walipita watu na pembe za ndovu mabegani," alisema. "Wengine na minyororo. Mtu alikufa pwani, habari zake zikaja kwa miguu, miezi mitatu. Huku mkewe alikuwa anapalilia mtama, anakula, ananyonyesha. Mji huu ulikufa?"

"Haukufa, Balozi."

"Basi na wewe subiri mpaka jioni."

Mkewe, ambaye alikuwa mkali na mkweli, ndiye aliyenipa sababu nyingine, siku moja tunachambua mchele. Alisema kabla ya ufundi bati mumewe aliwahi kupeleka simu za maandishi, zile karatasi fupi za zamani, kwa baiskeli, mpaka vijiji vya Nzega. Huko Lusu alimkuta mwanamke anakaanga, hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, akamsomea karatasi pale pale kwa sababu alikuwa na haraka ya kuwahi kurudi. Mwanamke aliangukia mafuta ya moto. Nilipomuuliza Balozi mwenyewe, alikana. Alisema hajawahi kufika Lusu. Inawezekana. Ni sababu nzuri, na mimi nilijaribu kwa miaka mingi kutosheka nayo. Lakini ina mipaka yake, na mipaka hiyo naijua kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, kwa ajili ya treni.

Baba yetu alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa anasafiri kwa treni kwenda mashariki na karanga na asali, anarudi na vitenge na sabuni. Nilikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza. Mdogo wangu wa kike alikuwa na minane, wa kiume na minne. Mama akisafiri tulilala kwa Balozi.

Asubuhi ile redio ilikuwa ndani na mlango umefungwa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Balozi alipotoka hakuzunguka nyumba. Alikuja kwetu sisi watatu tuliokuwa uani tunapiga mswaki, akauliza: "Mmekula?"

Nikasema hatujala. Nilikuwa mkubwa, nilijua swali lile, na bado nilijibu kama mtoto.

Mkewe akaleta viazi vitamu na chai. Tulikula. Balozi akatutazama tukila mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama yenu amechelewa. Nendeni Goweko kwa shangazi yenu mkamsaidie kuvuna karanga." Saa ile ile alitupandisha kwenye lori lililokuwa linafuata tumbaku. Nilimuuliza mbele ya dereva, "Balozi, amechelewa au kuna jambo?" Akafunga mlango wa lori.

Goweko tulivuna karanga siku nne. Shangazi alikuwa hanitazami. Majirani zake walikuwa wakitupita shambani, wanatusalimia kwa sauti ya chini, mwangaluka, kisha wanasimama mbele kidogo na kugeuka kutuangalia. Kila mtu mzima katika kijiji kile alijua kwamba treni ya abiria imepata ajali na watu wengi wamekufa. Redio zilisema, magazeti yaliandika. Mimi mwenye mama ndani ya treni ile nilikuwa nang'oa karanga na kuzikung'uta udongo.

Siku ya tano Balozi alikuja, kwa lori, kwa miguu, sijui. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi na mkononi alishika kifurushi kilichofungwa kwa kanga. Niliitambua kanga.

"Mmekula?" akauliza.

"Hatujala na hatuli. Sema."

Hakusema. Alikaa kwenye kigoda. Shangazi akasonga ugali, akapakua na kisamvu, wadogo zangu wakala kwa sababu ni watoto na walikuwa na njaa. Mimi nilikataa. Balozi akanisubiri. Jua lilitoka upande mmoja wa nyumba likaenda upande mwingine, naye kakaa, kifurushi mapajani, hasemi. Nilijua kwamba mtu huyu anaweza kukaa hivyo mpaka kesho. Mwishowe nikanawa, nikala tonge moja. Nilikula tonge moja la ugali baridi ili niambiwe kwamba mama yangu amekufa.

Akaniambia. Wakati huo mama alikuwa ameshazikwa siku tatu. Balozi alikwenda mwenyewe mpaka kule ajali ilikotokea, akapita kati ya waliolazwa chini akimtafuta, akamtambua kwa kanga, akasimamia akaoshwa, akasaliwa, akazikwa. Alifanya yote ambayo mwanamume wa familia angefanya. Hatukuwa na mwanamume wa familia. Kwa hiyo nimekaa na jambo hili miaka zaidi ya ishirini na sijui nilishike wapi. Huwezi kumchukia mtu aliyemzika mama yako, na mimi siwezi kumsahau mtu aliyemzika mama yangu mimi nikivuna karanga.

Shule niliacha mwezi ule. Balozi alinitengenezea jiko kubwa la duara, la kukaangia chapati, bati nene mara mbili, na nikaanza kuuza chai na chapati karibu na stesheni. Mwanzo wa kila mwaka alikuja bila kuitwa kulibadilishia kitako. Hakuniuliza kama nataka. Alipindua jiko, akagonga, akanywa chai moja isiyo na sukari, akaniambia chapati zangu nene mno, akaondoka. Kwa jiko lile nilisomesha wadogo zangu wawili. Ungeweza kudhani mtu akikufanyia hivyo mara ishirini utamzoea. Kila alipokuja nilitaka kumuuliza jambo moja, siku ile ulijua saa ngapi, na kila alipoondoka nilikuwa sijauliza, na hasira ilinipanda nikachoma chapati.

Nilimuuliza mwaka ule alipofariki rais akiwa madarakani. Habari ilitangazwa usiku. Kufikia asubuhi hapakuwa na simu hapa mjini ambayo haikuwa nayo, watu walikuwa wanalia kwenye mitandao, wengine wanabishana. Na mimi nikamwona Balozi anakuja na mkongojo, bila redio, kofia kichwani.

"Mmekula?"

Sijui kilichonipata. "Balozi," nikasema, "dunia nzima inajua."

"Dunia nzima haijaambiwa na mimi."

"Tumeambiwa tangu jana usiku. Watoto wadogo wanajua. Unamficha nani?"

"Sifichi. Nauliza kama mmekula."

"Siku ile ya treni," nikasema, na wateja wakaacha kutafuna, "ulijua saa ngapi?"

Alikuwa mzee tayari, ngozi ya shingo imelegea. "Taarifa ya saa moja asubuhi," akasema.

"Ukatulisha viazi."

"Nikawalisha."

"Ningekwenda na wewe, Balozi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ningemwona. Ningetupa hata udongo."

"Na hao wawili ungewaacha na nani?"

"Hilo lilikuwa langu la kuamua."

"Hukuwa na mtu wa kukushika," akasema. "Ungeanguka, na wao wangeanguka juu yako."

"Sikuuliza nani angenishika. Ulininyima mama yangu. Habari yangu ilikuwa yangu, ikiwa na njaa, ikiwa na shibe. Ukiwa na jambo langu tena, niletee likiwa bichi."

Nilidhani atanyoosha mkono upande wa Kwihara. Hakunyoosha. Alisema, "Chapati inaungua, mwanangu," na ilikuwa inaungua, akaondoka bila chai. Mwaka uliofuata alikuja kubadilisha kitako cha jiko kama kawaida. Hatukulitaja.

Mkewe alifariki, wanawe wako mbali, redio ya koti la ngozi ilikufa. Akawa na kiredio cha Kichina cha kushika mkononi, chenye tochi, ambacho mtu hawezi hata kuingia nacho ndani kwa heshima. Alikisikiliza akiwa amekibandika sikioni. Ubalozi walishampa mtu mwingine, kijana mwenye kundi la mtandaoni analotangazia misiba kwa picha za mishumaa. Sisi tuliendelea kumwita Balozi yule yule.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ilikuwa kiangazi kilichopita. Mdogo wangu wa kiume sasa ni kondakta wa basi linalokwenda Mwanza. Yule aliyekula ugali wa Goweko bila kuelewa, ana ndevu na sauti ya kuita abiria.

Nilikuwa nakaanga, wateja wawili mbele yangu, chai imepoa kiasi cha kunyweka. Nikamwona Balozi barabarani. Kwanza sikumtambua kwa sababu alikuwa kichwa wazi. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuona upara wake. Mguu mmoja ulikuwa na ndala na mwingine mtupu, mkongojo hakuwa nao, na alikuwa anakuja kwa mwendo ambao mtu wa umri wake hapaswi kwenda. Alianza kusema akiwa bado ng'ambo ya mtaro.

"Basi la mdogo wako limepinduka. Baada ya Puge. Watu wamekufa. Majina bado."

Hivyo tu. Hakuuliza kitu. Aliniletea ikiwa bichi, kama nilivyoagiza.

Mdogo wangu alikuwa ndani kwangu, nyuma ya pazia, amelala. Jino lilikuwa linamuuma tangu juzi yake, shavu limevimba, na alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Nilijua hivyo. Nilimpa dawa kwa mkono wangu. Lakini nasema kweli, kwa muda wa pumzi tatu au nne sikujua lolote, nilishika ukingo wa jiko lenye moto na sikuhisi, na Balozi akawa ameshafika, amenishika mkono na kuutoa pale.

"Yuko ndani," nikasema nilipoweza. "Balozi, yuko ndani. Jino linamuuma. Hakwenda."

"Una hakika?"

"Amelala, Balozi."

Akataka kukaa pale pale chini, mteja mmoja akamwahi kwa benchi. Nikasimama namtazama, mkono unaanza kuwaka, na kilichonijaa kilikuwa hasira. Miaka yote hiyo, meli, mlipuko, rais, mama yangu, na habari ya kwanza aliyowahi kunipa kwa wakati wake imekuja na mtu asiyekuwemo. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Pazia likasogea, mdogo wangu akatoka. Kelele zilimwamsha. Alikuwa amejifunga shuka, shavu kama ametia embe mdomoni.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, baba."

"Kuna nini? Mbona kichwa wazi?"

Balozi akanigeukia. Alikuwa ameshafanya la kwake, na hili alijua si lake. Wateja wawili waliinamia vikombe vyao. Nikamtazama mdogo wangu na nikamfikiria yule mwenzake wa zamu, kijana wa Igunga, mcheshi, aliyekula chapati zangu nne kwa mpigo juzi na kusema atalipa kwa kunitafutia mume. Yeye ndiye aliyeondoka na basi alfajiri ile, kwa ajili ya jino la mdogo wangu. Neno lilikuwa tayari. Lilikuwa fupi. Nilikuwa nimelidai mimi mwenyewe, mbele ya watu, kwamba litolewe hivyo hivyo likiwa bichi.

"Kaa kwanza," nikasema. "Umekula?"

Naye amekulia kwenye nyumba zile zile kumi. Niliona uso unambadilika kuanzia kwenye uvimbe.

"Nani?" akauliza.

Nilimimina uji niliokuwa nimempikia kwa ajili ya jino kwenye kikombe kikubwa, kwa mkono ulioungua, nikamwekea mbele. Nilijua Balozi ananitazama, na nilijiandaa kumkasirikia kwa tabasamu atakalolitoa. Hakulitoa. Alisogea mwisho wa benchi, akapiga mbao kwa kiganja mara mbili, mdogo wangu akakaa karibu naye.

Uji ulikuwa wa moto, na yeye ana jino. Tukamsubiri amalize.